Siku Nilipompitisha Mkwe Pwani ya Raskazone

Mnacheka hata sijaanza! Basi chekeni mmalize, maana aibu niliyoipata siku ile mbele ya mkwe (tena mkwe mtarajiwa, bado hajatoa idhini) naweza kuisimulia leo kwa sababu tu mke nimeshampata.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa dereva wa lori katika shamba la mkonge huko Pongwe, na nilikuwa nimemposa Saumu, binti wa Kiunguja aliyekaa kwa shangazi yake hapa Tanga. Mama yake, Bi Zuwena, akasema haozeshi kwa mtu asiyemjua, akapanda ndege kuja kunitazama kwa macho yake. Ami yangu, ambaye nyumba yake ilikuwa Sahare, akaazima motokaa ya jirani, akanikabidhi.

"Mchukue uwanjani, umlete hapa moja kwa moja. Moja kwa moja, umesikia?"

Nikasikia.

Bi Zuwena akashuka ndegeni, mama wa kimo, buibui limemkaa, mkoba mkononi, anatembea kama uwanja ule ni wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe?"

"Ndimi."

Akanitazama juu mpaka chini, akaingia garini. Tukapita mjini kimya, na tulipofika Raskazone nikaona maji yamekupwa, mchanga umetandazika mweupe mpaka mbali, na kwa kuwa kimya kile kilishanichosha nikajisemea, hebu nimpitishe huku chini aone kuwa nasi tuna pwani, kwani Sahare si hapo tu mbele?

Hatukufika mbali. Magurudumu ya nyuma yakazama, nikakanyaga mafuta yakazama zaidi, na ilikuwa Jumapili (mnaijua Jumapili ya Raskazone, nusu ya mji iko pale inapunga upepo), watu wakaanza kusogea. Nikashuka, nikainama nichimbue mchanga kwa mikono, na suruali yangu mpya ikapasuka, praa! kutoka kiunoni hadi mapajani, na aliyekuwa amesimama nyuma yangu (ameshuka, mimi sina habari) ni mkwe. Watu wakaangua kicheko. Nikabaki nimeinama vilevile, kusimama siwezi, kukaa siwezi, nikasema basi, posa imekwenda na maji.

Kitu laini kikaniangukia mgongoni. Kanga, kaitoa mkobani.

"Jifunge, baba," akasema Bi Zuwena, uso ameshaugeuza. "Mimi nilikuwa naangalia bahari."

Kisha akavua viatu, akapandisha buibui, akawageukia wale waliokuwa wakicheka.

"Mmekuja kutazama au kusukuma? Haya, kina mama, njooni hapa! Nanyi wanaume, au mnangoja kubembelezwa?"

Na wallahi walikuja! Wakajipanga nyuma ya gari, yeye katikati, bega kalitia, anawaitikisha kama yuko ngomani, nami niko kwenye usukani nimejifunga kanga. Gari likachomoka, likawarushia tope wote, yeye wa kwanza. Nikafunga macho. Nilipoyafungua, Bi Zuwena alikuwa anacheka, kajishika mbavu, na wale wanawake wanacheka naye kama ndugu zake wa tumbo moja.

Sahare tukawakuta wazee barazani, kanzu zimepigwa pasi, ubani unafuka. Nikashuka nimevaa kanga ya mkwe, naye ana tope mpaka kwenye nyusi. Ami akasimama.

"Umemfanya nini mgeni wetu?"

Kabla sijafungua mdomo, Bi Zuwena akajibu, "Mimi ndiye niliyemwomba anipitishe pwani, bwana. Mlaumuni mgeni."

Wazee wakainuka kumpisha. Akanipita mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mwambie fundi akuongezee kitambaa. Mwanangu simwozeshi kwa mtu asiyeweza kuinama."

Nilihitaji kitambo nielewe kuwa nimeshakubaliwa. Toka siku ile, mtu wa kumheshimu zaidi ya mama yule sijakutana naye, na motokaa sijaiteremsha mchangani tena, hata aniombe nani.