Mrija Alioukataa Kalisti

Baba alianguka kwenye mlango wetu kule mtaa wa Gikondo, siku za mauaji, na aliyempiga panga ni jirani yetu Kalisti. Mimi nilisikia harufu ya pombe ya ndizi iliyomwagika, nikafikiri baba amelewa. Nikamwambia, "Baba, amka, unachafua shati."

Muda mfupi kabla ya hapo walikuwa wameketi uani, yeye na Kalisti tu. Baba alikuwa mwanajeshi wa zamani. Alichechemea kwa risasi iliyompata siku alipombeba Kalisti mgongoni kumtoa vitani. Nyumbani ndiye aliyetusuka nywele, mimi na dada yangu, kwa vidole vyake vinene, huku akiimba vibaya. Mchana ule alionja pombe kwanza, kama mwenyeji, halafu akampa Kalisti mrija ule ule.

"Hapana, sajini. Jino iko nauma."

"Jino! Wewe uliyetafuna mahindi makavu porini?" Baba alicheka sana.

Mimi nilimhurumia Kalisti, nikamletea maji ya chumvi, nikarudi jikoni. Akayanywa, akapiga mluzi, wenzake wakaingia na mapanga.

Kwenye kesi alisema kundi lilimsukuma ghafla, hakujua lolote. Alifungwa, akatoka. Jumamosi iliyopita nilimkuta harusini kule Kimisagara, akipokezana mrija na wazee. Akaniita, "Binti wa sajini, njoo unywe!"

Kalisti, kwetu anayekunywa kwa mrija wa mtu hawezi tena kumdhuru. Wewe ulilijua hilo, ndiyo maana ulikataa. Hukusukumwa. Simama mbele ya wazee hao, useme ulikuja ukiwa umeshaamua.