Landrover 109 ya marehemu mume wangu: niliichukia, nikaiendesha hadi Itigi, sasa naitamani

Heshima kwenu wakuu wa jukwaa la magari.

Humu nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, tangu mume wangu alipokuwa akiingia kwa simu yake kutafuta picha za Landrover za zamani. Yeye hakuwahi kuandika hata mstari mmoja. Leo naandika mimi. Yote yamenitokea mwenyewe na sina sababu ya kuyapamba.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Utemini, Singida mjini. Najua wengi humu ni wanaume mliozaliwa na spana mkononi, kwa hiyo nikikosea jina la spea mnivumilie.

Mume wangu tumwite Baba Neema, kwa jina la binti yetu. Alikuwa dereva wa timu ya kuchimba visima. Ujana wake aliumalizia kwenye Landrover 109, ile ndefu ya petroli, akizunguka vijiji vya Mkalama na Iramba na mabomba juu ya keria.

Timu ilipoletewa magari mapya, ile ya zamani ikavutwa na kuachwa nyuma ya ghala moja pale Nduguti. Sasa Nduguti ndiko kwao. Kila tukienda kumwona mama yake, lazima apotee nusu saa. Alikuwa anaenda kuisalimia gari.

Akirudi anakuwa mnyonge. "Wameng'oa taa ya kushoto." Safari nyingine, "Kioo cha mbele kimepasuka." Utadhani anatoa taarifa za ndugu aliyelazwa.

Vyuma chakavu vya pale vilipouzwa, akainunua bila kuniambia.

Ililetwa nyumbani juu ya lori. Haina matairi, haina viti, ndani kuku wametagia. Nilitoka nje na kanga kiunoni nikamuuliza, "Gari yenyewe iko wapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Wakuu, project ile ilichukua miaka minane. Kila Jumapili baada ya ibada anavaa ovaroli. Bearing zinaoshwa kwa mafuta ya taa kwenye beseni langu la kufulia. Sufuria yangu kubwa ya ubwabwa ilipotea, nikaja kuikuta chini ya boneti imejaa nati.

Spea alikuwa anapata kwa Mzee Karim, wa familia ya Kihindi yenye duka la siku nyingi mjini. Mzee yule ana madroo mpaka darini. Siku moja niliwakuta wawili hao wameinamia kiboksi kimoja cha gaskiti, karatasi yake imegeuka rangi ya chai. Mzee Karim anasema kwa sauti ya chini, "Hii marehemu baba yangu ndiye aliagiza." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mfuko wa vitunguu, nikajiona nimeingia msikitini bila kuvua viatu.

Kazi yangu mimi ilikuwa moja. Breki.

Wanaojua watanielewa. Kutoa upepo kwenye breki za gari ile kunahitaji watu wawili, mmoja kwenye pedali, mwingine chini na spana. Niko jikoni nasonga ugali, nasikia, "Mama Neema, njoo unikanyagie." Naenda na mikono yenye unga. Sauti inatoka chini ya gari: "Kanyaga. Shikilia. Achia taratibu. Tena."

Nilikuwa nakanyaga huku nimenuna.

Majirani walikuwa wananunua vigari vidogo vya automatic, AC inafanya kazi, mvua ikinyesha wanapita wamekauka. Siku moja nikamwambia, "Bora ungeioa hiyo gari." Alijifuta mikono muda mrefu. Halafu akasema, "Hii gari inanikumbuka kabla sijaanza kuumwa mgongo."

Mimi nikasonya nikaingia ndani.

Ikaja siku ikatembea. Imepigwa rangi ile ile ya kijivu aliyoikumbuka. Krismasi ile tukaenda nayo Nduguti. Upepo wa Singida mnaujua, ulikuwa unaingia kwenye vile vifuniko vya chini ya kioo moja kwa moja usoni. Nilifika kichwa kimejaa vumbi, mbavu zinauma, na masikio hayasikii. Nikasema sipandi tena.

Na kweli sikupanda tena. Hapa ndipo panaponiuma.

Mara tatu baada ya hapo tulikwenda Nduguti siku moja, barabara moja, yeye kwenye Landrover peke yake, mimi kwenye basi. Basi linampita njiani, ananipungia mkono. Nikifika namkuta mama mkwe ameshika mdomo anacheka, "Mwenzio yuko wapi?"

Aliniomba pia twende Itigi. Alisema mvua za kwanza zikinyesha, vile vichaka vya Itigi vinavyokaa vimekauka kama kuni vinachipua ndani ya siku chache, nikavione, na turudi na asali. Nikamjibu nina mitihani ya kusahihisha. Nikasema mwakani.

Mwakani hakuwepo. Presha ilimpanda asubuhi moja akiwa kazini, tukampoteza siku ile ile. Tulimzika kwao.

Gari ilikaa chini ya turubai mwaka mzima na zaidi. Nilikuwa napita pembeni yake kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemjua.

Ndipo shemeji yangu, Daudi, mdogo wake marehemu, akanipigia. Kapata mteja, mtu wa hoteli mkoa wa jirani. "Shemeji, gari ikisimama inaoza," akasema. "Huyu analipa vizuri, na Neema ana mahitaji." Hakuwa na nia mbaya. Nikakubali.

Yule bwana alikuja mtanashati, akapiga picha kila upande. Nikamwambia injini ilifanyiwa kazi yote, labda petroli tu imeharibika. Akatabasamu. "Injini tutaitoa, mama. Tunaiweka getini, hapa mbele tunajaza udongo, tunapanda maua."

Sijui niwaelezeje. Nikamwambia naomba siku chache.

Alipoondoka nilimpigia Fundi Saidi, rafiki wa mume wangu, mtaa wa pili. Nikamwambia nataka niisikie ikiwaka mara moja tu kabla haijaondoka.

Alimwaga petroli ya zamani, akasafisha kabureta, akabadilisha plagi. Akajaribu breki, pedali ikazama mpaka chini. Akajikuna kichwa. "Mwalimu, hapa nahitaji mtu wa kukanyaga."

Nikaingia. Nikakanyaga, nikashikilia, nikaachia taratibu. Hakuhitaji kunielekeza. Baada ya gurudumu la pili akatoa kichwa chini ya gari akaniangalia.

"Kumbe kazi unaijua."

Nilikuwa nalia, wakuu, mguu ukiwa bado kwenye pedali.

Iliwaka saa tisa alasiri. Ile harufu ya petroli na mafuta ya moto ndiyo ilikuwa harufu ya shati la mume wangu kila Jumapili kwa miaka minane, na mimi nilikuwa napigana nayo kwa sabuni.

Nikamwambia Fundi Saidi anifundishe kuendesha.

Tulijifunzia uwanda wa kando ya ziwa Singidani, miezi miwili, Jumamosi baada ya Jumamosi. Usukani mzito mpaka mabega yanawaka moto. Klachi inataka mguu mzima. Nilijifunza kile kirungu chekundu na kile kitufe cha njano, lini unaweka four, yaani matairi yote manne yavute, na lini unaiacha. Walimu wenzangu walikuwa wakipita wanasimama, hawaamini. Leseni nikapata kwa utaratibu wote, msiniulize hilo.

Mtauliza, si ungebaki nayo? Nilipiga moyo konde nikafikiri. Shule ni dakika kumi kwa miguu. Gari ile inavyokunywa petroli mnajua. Ingerudi chini ya turubai tu. Neema aliniambia kwenye simu, "Mama, kama unaiuza, muuzie mtu atakayeifanyisha kazi."

Fundi Saidi ndiye aliyemleta Petro, kijana wa miaka thelathini hivi, mfuga nyuki wa Itigi. Alinipa shikamoo, akavua miwani, akalala chini na shati lake safi kuangalia chasisi. Alikaa kule chini muda. Alipotoka aliuliza swali moja.

"Mama, aliyeitengeneza ndiye aliyekuwa anaiendesha?"

"Ndiye huyo huyo."

"Inaonekana. Kila kitu kimewekwa pale mkono unapofika."

Mteja wangu akawa huyo, ingawa dau lake lilikuwa dogo kuliko la yule wa hoteli, aliyekuwa bado anangoja jibu. Daudi hakufurahi. Nikaona nisigombane naye kwa simu, nikawasha gari nikaenda Nduguti mwenyewe, jambo liwekwe mbele ya mama mkwe, Daudi naye akiwepo. Niliposimama uani alitoka na fimbo yake, akaangalia upande wa dereva, akaangalia tena. Nadhani kwa nukta moja alisahau.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ni wewe?"

Daudi alieleza upande wake, mimi wangu. Mama alikuwa amesimama anapapasa bodi pale juu ya tairi. Akasema kwa Kinyiramba, taratibu, mpaka mimi Mnyaturu nikaelewa: "Mwanangu hakupoteza Jumapili zake zote kutengeneza chungu cha maua."

Daudi aliinama. Baadaye ndiye aliyenipimia upepo wa matairi kabla sijaondoka.

Petro alitaka kuja kuichukua. Nikamwambia hapana, nitaileta mimi.

Tuliondoka asubuhi, mimi na Fundi Saidi. Ikungi nikapita kwa wazazi wangu, wakatoka mtaa mzima kuangalia. Manyoni tukanywa chai. Magari yote yalitupita, mabasi, malori, hata bodaboda yenye gunia la mkaa. Nilianza na aibu, nikiwaachia njia kila mara. Baadaye aibu ikaisha yenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha juma lile. Tulipoikaribia Itigi vichaka vilikuwa vimechipua, kijani kile changa kinachoumiza macho, pande zote mbili mpaka upeo.

Petro alitupokea akaomba tufike kwenye mizinga yake, kilomita chache ndani. Njia ilikuwa tope. "Weka four, mwalimu," Fundi Saidi akasema. Nikaweka. Gari ikainama, ikashika, ikaanza kupanda taratibu kama mtu mzima anayeijua ngazi ya nyumba yake. Matawi yanagusa milango. Vioo viko wazi. Kwa mwendo ule unasikia ndege, unasikia mtu wa pembeni anapumua.

Nikaelewa kwa nini mume wangu hakuwa na haraka ya kufika Nduguti. Njiani ndiko alikokuwa anakutaka.

Nikageuka kushoto nimwambie. Midomo ilikuwa imeshafunguka. Nikamkuta Fundi Saidi, anatazama mbele, ameshika mshikio kwa mikono miwili.

Nikaendelea kuendesha.

Funguo nilimkabidhi Petro tuliporudi stendi ya Itigi. Alinipa asali, madumu mawili. Nilirudi kwa basi zuri, kiti laini, dirisha limefungwa, hakuna vumbi. Mikono yangu ilinuka petroli na sikuinawa mpaka kesho yake.

Sasa ni mwaka umepita. Petro hunitumia picha, gari imebeba mizinga, imejaa tope, iko hai. Sijutii kumuuzia. Ila nina hamu, wakuu. Nina hamu ya kuamshwa na starter inayosuasua. Nina hamu ya kugombana kuhusu beseni. Mara nyingine Jumapili nakaa uani pale ilipokuwa inasimama, ardhi bado nyeusi kwa mafuta, naangalia tu.

Nilichojifunza ni kidogo. Kama mwenzako ana kitu anachokipenda na wewe hukielewi, panda naye. Vumbi linaoshwa. Na ninyi wenye project uani, msiwaite wake zenu wakati wa kukanyaga breki tu. Wapeni usukani, hata mara moja, muone.

La mwisho ndilo lililonifanya nifungue akaunti humu.

Natafuta Landrover 88, ile fupi. Sitaki iliyokwisha kutengenezwa, na sitaki ya kupakwa rangi ikae getini. Nataka iliyolala. Nyuma ya ghala, chini ya mti, popote, Singida, Dodoma, hata Tabora. Isiwe na injini, sawa. Kuku wametagia, sawa. Nakaribia kustaafu, mwili bado una nguvu, na Jumapili zangu ziko wazi zote.

Anayeijua ilipo anifuate PM. Na wewe uliyewahi kuuza yako, kisha ukabaki kila ukisikia mlio ule barabarani unatoka nje kuangalia, niandikie hapa chini ilikuwa gari gani na mlienda nayo wapi. Nitasoma zote.