Siku Tulipoufagia Uwanja wa Bibi Kabula

Sisi tuliokulia Ilemela, upande wa ziwani, tulijua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Hakuna aliyetufundisha. Kaka yako alikusukuma kutoka juu ya jiwe, ukameza maji, ukapiga miguu hovyo, ukaibuka, basi umefuzu. Mama zetu walitukataza kwa sababu ya kichocho na viboko, na tukirudi jioni walitukwaruza mkono kwa ukucha. Mstari mweupe ukitokea, ujue umetoka majini, na kiboko cha pili kilikuwa kinakungoja mlangoni. Watoto wa siku hizi wanapelekwa kwenye bwawa la hoteli wakiwa na miwani, kofia ya mpira na mwalimu, na bado wanalia kwamba maji yamewaingia puani.

Pa kuogelea na pa kuchezea palikuwa pamoja, kwenye uwanja wa bibi yangu, mama mzaa baba, aliyeitwa Kabula. Ulikuwa umelala kati ya mawe makubwa na maji, tambarare, na mchanga wake ulikuwa laini hata viatu tuliviona vya nini. Ulikuwa mali yake, lakini mtoto yeyote wa pale ungemuuliza angekwambia ni wake. Babu alikuwa manju, yaani kiongozi wa ngoma, na mwanangwa wa zamani, mkubwa wa eneo lile, ndiye aliyempa ardhi ile ili mbina, ngoma za mashindano, ipate pa kuchezwa baada ya mavuno. Babu alipofariki, Bibi aliushika uwanja pamoja na sharti lake: jembe lisiguse pale. Hata mwaka ule mvua zilipogoma na watu wakapanda viazi mpaka kando ya barabara, alikataa. "Hapa ni pa miguu," alisema, na aliyetaka kubishana naye alijipanga vizuri kwanza.

Jumapili baada ya kanisa uwanja ulijaa. Wavulana walikimbiza mpira wa mifuko ya nailoni uliofungwa kamba, sisi wasichana tulicheza rede na nage, michezo ya kukwepa mpira, mpaka magauni ya kanisani yakabadilika rangi. Mifukoni tulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, vigumu kama vigae, unavimung'unya mechi nzima. Mwenye bahati alikuwa na furu, samaki mdogo wa ziwani, wa kukaanga, aliyefungwa kwenye karatasi ya daftari. Ukiangusha ganda la muwa, Bibi hakukuita wewe. Aliita jina la baba yako, kwa sauti iliyofika Nyamagana, mpaka ulirudie ulitoe.

Halafu ikaja miezi ya mbina. Kwa mgeni wa mambo haya, vikundi viwili vya ngoma hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na kile kitakachowavuta watazamaji wengi ndicho kimeshinda. Hakuna jaji. Watu wanahama wenyewe. Nakumbuka mwaka mmoja kundi moja lilileta chatu, na umma wote ukahamia kule kwa shangwe. Chatu naye akaamua kuja kuwasalimia watazamaji. Umma ule ule ulirudi upande wa pili mbio kuliko ulivyokwenda, akina mama wakiacha kanga njiani, na wenye chatu wakashindwa vibaya. Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

Kila Jumamosi tulifagia. Hiyo ilikuwa kodi yetu, na hatukuiona mzigo. Tulivunja vichaka kuwa mafagio, tukajipanga mstari kutoka kwenye mawe mpaka majini, Bibi akiwa nyuma yetu mikono kiunoni. Jirani yetu wa upande wa pili, Mzee Masanja, yeye alikuwa na kipande chake cha ufukwe ambacho ukiingia unahitaji panga. Mihogo, mipapai, migomba, kibanda kilichoinama, vyote vimesongamana. Bibi alimtania kila walipokutana. "Masanja, mwaka huu utalima mpaka kitandani?" Naye Masanja alijibu, "Kabula, wewe unavuna mavumbi." Kisha walisalimiana vizuri, mwangaluka, mwangaluka, kila mtu akashika njia.

Miaka ikageuka. Biashara zikafunguliwa, na sisi tuliokuwa tunagawana kipande cha sabuni tukaanza kuchagua rangi. Kule Mabatini mitumba ilirundikwa chini, watu wakapekua mpaka wakapata jinzi zenye majina ya watu wasiowajua. Sangara, ambaye awali wazee walimsusa, akawa bwana mkubwa. Malori ya barafu yakaanza kuzunguka ufukweni, viwanda vya minofu vikachipuka, na sisi tukabaki kukaanga mapanki, yaani mifupa na vichwa, tukiyasifia kwamba ndiyo yenye utamu. Kwa kweli yalikuwa matamu.

Ndipo alipokuja mtendaji wa kata. Alikaa kwenye kigoda, akanywa maji, akaeleza kwa heshima zote. Serikali ilitaka eneo la ufukwe kwa ajili ya kiwanda, kwa manufaa ya umma. Walikuwa wanaangalia sehemu mbili, uwanja wa Bibi na kipande cha Mzee Masanja. Wangechukua moja tu. Mthamini angekuja Alhamisi kuziangalia zote mbili, kisha wakubwa wangeamua.

Bibi hakulala vizuri, na mimi nilijua kwa sababu tulilala chumba kimoja. Asubuhi aliamka na jibu. Aliwaita baba na baba zangu wadogo, akawaita majirani, akasema mgeni anakuja, na mgeni hapokewi kwenye uchafu. "Selikali ina macho," alisema. "Ikiona palivyo pazuli, itaona haya kupahalibu. Itachukua kwa Masanja kwenye majani." Kila mtu alikubali. Baba, aliyekuwa na kazi mjini Mirongo na aliyejua mambo ya ofisi kuliko wote, alisema, "Mama amesema kweli," akaenda kununua chokaa.

Sijawahi kuona kazi kama ile. Wanaume walikwenda na mafyekeo wakakata nyasi za pembeni hadi udongo ukaonekana. Waling'oa ua wa minyaa uliozunguka uwanja tangu enzi za babu, kwa kuwa ulikuwa umeota ovyo na ulionekana kama kichaka. Walibomoa kibanda cha nyasi ambamo wacheza ngoma walivalia njuga, kwa kuwa kilikuwa kimezeeka na kingetia aibu. Kulikuwa na mizambarau miwili midogo karibu na maji iliyojiotea yenyewe. Nayo ikakatwa, ili mgeni alione ziwa vizuri. Sisi watoto tulifagia, tukafagia tena, tukapaka chokaa mawe ya njiani kama ya shuleni siku ya mkaguzi. Jumatano jioni Bibi alisimama katikati ya uwanja mtupu, mweupe, unaong'aa, akapiga vigelegele peke yake. Nilijisikia fahari ambayo sijui kama nimewahi kuipata tena.

Mthamini alikuwa kijana mpole, amevaa shati la mikono mifupi na kalamu mfukoni. "Shikamoo, bibi," alisema akiinama. "Malahaba, mwanangu. Kalibu. Umepaona?" Alipatazama huku na huku, tepu yake bado imekunjwa mkononi.

"Bibi, mazao yako yako wapi?"

"Hapa hatulimi."

"Jengo lolote? Miti? Ua wa mpaka?"

"Hakuna hata kijiti," Bibi alisema kwa furaha. "Tumekutolea vyote. Pasafi."

Yule kijana aliitia tepu mfukoni. Nakumbuka uso wake, alikuwa kama mtu aliyepewa habari ya msiba akitakiwa aifikishe. Akamweleza taratibu kwamba ardhi yenyewe ni ya umma, na kwamba serikali ikichukua mahali inalipa kilichojengwa na kilichopandwa. Kwa Mzee Masanja kulikuwa na mengi ya kulipia na mtu wa kumhamisha. Hapa hapakuwa na kitu.

"Hapana kitu?" Bibi aliuliza. "Watoto hawa wote unaowaona hapa? Mbina? Mume wangu amecheza hapa mpaka miguu ikamwisha."

"Mchezo hauthaminiwi, bibi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Sina pa kuuandika."

Alikula kuku tuliyemchinjia, kwa sababu kukataa kungekuwa kumtukana, lakini alikula bila kuinua macho. Baba alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alisema maneno machache tu: "Tungeacha ule ua." Bibi alikuwa ameshaelewa. Aliketi juu ya jiwe lililopakwa chokaa, na nguo yake ikachafuka nyuma, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Walichukua uwanja wetu. Mzee Masanja alibaki na mihogo yake, na alikuja kumpa Bibi pole akiwa na kikapu cha mapapai. Safari ile hawakutaniana. Bibi alikwenda ofisi za mjini mara nyingi, amevaa gauni lake la Pasaka, akapokewa vizuri na kuambiwa asubiri. Mavuno yaliyofuata vikundi vya ngoma vilifika kwa mazoea, vikakuta wigo wa mabati, vikazunguka na kurudi. Kiwanda kilijengwa, na kweli kiliajiri watu, baadhi yao ndugu zangu, sitaki kusema uongo. Lakini uwanja mwingine haukupatikana.

Bibi alifanya jambo moja ambalo hakulieleza. Aliacha kufagia. Mwanamke yule aliyetukemea kwa ganda la muwa alipanda mihogo mbele ya nyumba, akapanda migomba pembeni, akapanda maboga mpaka kizingitini, mpaka ikawa ukitaka kuingia kwake unakwenda ubavu ubavu. Mpaka anaondoka duniani hapakuwa na nafasi ya mtoto kugeuka.

Na mimi nilijifunza, tena nilijifunza vizuri mno. Nimejenga Buswelu, na kiwanja changu nimekijaza. Ukuta pande zote, migomba, miparachichi, mipapai, banda la kuku, rundo la mawe na tofali ambalo halina kazi ila kuonekana. Majirani zangu wote wamefanya vile vile. Panda kilimani utazame chini, utaona kuta na mabati hadi ziwani, na kila penye udongo wazi mtu ameshamwaga kokoto kuonyesha kwamba pana mwenyewe.

Huwa nawacheka watoto wangu. Nawaambia ninyi dunia yenu ni kioo cha simu, vidole ndivyo vinavyofanya mazoezi, sisi enzi zetu jua lilizama tukiwa bado tuna mbio miguuni. Wananisikiliza kwa adabu, wakijua kwamba hotuba hii ina mwisho. Juzi yule wa mwisho alizima simu mwenyewe, akachukua mpira, akaupiga sebuleni, kioo cha kabati kikapasuka. Nilipandisha sauti, sauti ya Bibi kabisa. Nikamwambia atoke akachezee nje kama watoto wenzake.

Aliuokota mpira, akaenda hadi mlangoni. Akatazama migomba, akatazama rundo la mawe, akatazama ukuta. Kisha akanigeukia, wala hakuwa na kiburi, alikuwa anauliza tu.

"Nje wapi, mama?"