Mke Mwenza wa Mti

Mimi niliolewa Kinondo juu ya mke mwenza aliyekwisha kufa, na wallahi afadhali angalikuwa hai. Aliye hai mtagombana kisimani yaishe. Huyu wangu alikuwa kipande cha mti, urefu wake hadi gotini, kimechongwa kichwa cha mviringo, shingo na kiuno. Alisimama nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku. Wenyewe wakimwita koma.

Kwetu Msambweni baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Marehemu tulimsomea Yasini, hatukumchonga. Mume wangu naye aliswali swala tano, lakini binti yake mdogo alipopatwa na homa zisizokwisha, mama wa mtoto, marehemu, akamjia ndotoni kulalamika kuwa ana baridi na amesahauliwa. Wazee wa kwao wakamwambia asimamishe koma. Akasimamisha, mtoto akapona. Baada ya hapo ndipo akanioa mimi.

Kila asubuhi aliyokuwapo nyumbani, kabla hajaonja uji, aliuchota kata moja akaenda kummiminia. Angalimimina akarudi, ningevumilia. Lakini alichutama pale akazungumza naye, kwa sauti ya upole ambayo mimi sikuisikia hata siku ya harusi. Kwangu alikuwa mtu wa "chumvi haba" na "kanzu yangu iko wapi".

Miaka ile ya hamsini alifanya kazi relini, Mackinnon Road, akirudi kila mwisho wa mwezi. Mwezi mmoja akaja na doti ya leso, nikajua ni yangu. Akachana ukanda, akamfunga koma shingoni, ndipo akanipa iliyobaki. Nikajitanda leso iliyopungua, na roho ikaniuma wiki nzima. Nikasema, mmoja wetu ataondoka katika ua huu, na si mimi.

Alipokwenda kazini, masika yalikuwa yameanza na kuni zimelowa. Nikapata sababu. Nikaenda nyuma, nikautikisa ule mti, nikaung'oa. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Nikaupeleka jikoni niutie motoni, na pale mlangoni nikamkuta yule binti, miaka mitano hivi, ananitazama.

"Mama, unamwingiza ndani?"

Nikauhamishia mti mkono wa pili.

"Ahsante. Mvua ilikuwa inamnyeshea."

Akatandika mkeka wake kando ya mafiga, akaupokea mti, akaulaza, akaufunika. Ningefanyaje? Nikawasha vifuu vya nazi. Siku kumi mke mwenza wangu akalala jikoni kwangu, akinyweshwa uji nilioukoroga mimi.

Mume wangu aliporudi na kuona, uso ulimbadilika. Kumbe koma haingizwi ndani abadan, maana ni kumkaribisha maiti pale anapolala mtoto. Mimi sikulijua hilo. Nikasimama nikingoja talaka yangu.

"Mama alimwonea huruma, baba," mtoto akasema. "Kwa ile mvua."

Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama chungu. Akaubeba mti, akatoka nao kwenda kuusimamisha mahali pake, nami nikamfuata kimya hadi nyuma ya banda la kuku.

"Usimkasirikie mwenzio," nikamsikia akiuambia. "Mambo yetu hayajui. Ni mwanamke mwema, mwanao anamlea kama wa tumbo lake. Sijui ningekuwaje bila yeye."

Miaka miwili niliyangoja maneno hayo, na akapewa yeye.

Aliporudi ndani akauliza, "Uji tayari?"

Nikamwambia akae. Nikachota kata ya uji, nikaenda kummiminia koma mwenyewe, na kila asubuhi baada ya hapo nilikwenda mimi, hadi mume wangu alipofariki. Watu wa Kinondo walinisifu kwa moyo wangu mkunjufu. Hawakujua kwamba nilikuwa namzuia mume wangu asiende kule peke yake.