Sarafu Zilizolia

Wiki iliyopita nilimpelekea sonara mmoja wa Bukoba sarafu za tundu tulizobaki nazo za babu, nijue thamani yake. Aliidondosha moja juu ya kioo cha meza, akasikiliza, akanirudishia. "Hii ni shaba tu, mama. Ya fedha ingelia."

Nikaukumbuka mchana ule kwetu Kamachumu, matanga ya babu yalipokwisha. Uani palinuka kahawa iliyoanikwa, na sebuleni nyasi za msiba zilikuwa bado hazijaondolewa. Baba mdogo, aliyekuja kutoka mjini, alizimwaga sarafu zote, akawa anazidondosha moja moja kwenye jiwe la kusagia. Nyingine zilitoa mshindo mfupi. Nyingine zililia kwa sauti nyembamba iliyochelewa kuisha.

"Hizi zinamlilia mzee," alimwambia baba. "Zimekufa naye. Zikibaki humu zitaita mwingine. Nitakwenda kuzitupa ziwani."

Mimi nilizihurumia. Nilikata jani la mgomba, nikalibabua motoni lisichanike, nikazifunga vizuri, maana nilidhani zinakwenda kuzikwa. Baba akamwongezea mdogo wake mkungu wa ndizi. "Asante, waitu, ndugu yangu," alimwambia, "umetuondolea balaa."

Mpaka anafariki, baba hakupita kando ya ziwa bila kuvua kofia. Na baba mdogo, wakiwa pamoja, naye aliivua ya kwake.