Feri Anautaka Mtumbwi Wangu wa Ndizi

Nina miaka 74. Nimezika wake wawili, vita ya Kagera imenipita, mnyauko umemaliza migomba ya watu na mimi bado nipo. Admin ficha jina langu, huku Karagwe tunajuana. Shule niliishia la pili ila kusoma nasoma, msinizunguke.

Kukanyaga ndizi za rubisi, kutoka Ihanda mpaka Omurushaka hakuna wa kunifikia. Nikiingia na nyasi zangu kwenye mtumbwi wa kukamulia, pombe inayotoka hapo watu wanaiulizia mwaka mzima.

Mguuni nina kovu la moto la tangu utoto. Mwaka juzi likafungua kidonda. Napaka dawa ya majani, kinafunga, kinafumuka. Kikaota kinyama kigumu, kingo zikanyanyuka. Nikafunga nailoni nikaendelea kukanyaga. Harufu niliisikia, nikajua ni ndizi zimeiva kupita kiasi.

Sasa kuna jirani, nimwite Feri. Tunakanyaga wote siku hiyo, akasimama akaniangalia mguu. "Munywani wangu, rafiki yangu, kinachonuka si ndizi. Ni wewe." Mbele ya mke wangu! Mke naye akadakia, "Baba Koku, Feri anasema kweli." Tangu lini Feri akasema kweli nyumbani kwangu? Nikajua huyu anautaka mtumbwi, na labda na mke.

Hospitali nilikwenda ili nimuumbue tu. Daktari, binti mdogo, akakata kipande kikapelekwa kupimwa. Majibu yakaja saratani ya ngozi. Nikacheka. Nikamwambia hiyo ni ya ndugu zetu wenye ualbino, mimi mweusi hivi naitoa wapi?

"Wao jua linawaunguza, babu. Wewe imeota kwenye kovu. Kovu la moto likifungua kidonda kisichopona, si la kukaa nalo nyumbani. Tukikata sasa, mguu unabaki. Ikiingia kwenye tezi za kinena, mambo mengine hayo."

"Na kukanyaga ndizi?"

"Hapo basi, babu."

Mwezi ujao binti yangu Koku anaolewa. Nimesema nikanyage ndizi zake kwanza, ndiyo nikakatwe. Daktari kakataa. Koku analia, "Baba, mimi nakutaka wewe, pombe hata ya kununua." Ya kununua! Kumbe wameshapanga akanyage Feri. Jana nimemkuta anasugua mtumbwi wangu, suruali kaikunja, miguu inang'aa kama ya bwana harusi, na mke wangu anampelekea chai. Yangu ilikuwa imepoa.

Ndugu zangu, mwezi mmoja kweli utaninyang'anya mguu? Niende wiki hii nimwachie yule mtu mtumbwi, au nikanyage kwanza? Semeni, ila asinisifie mtu Feri hapa.

Na kama mnadhani najisifu, muulizeni aliyekanyaga na mimi tangu ujana, anaijua miguu hii ilivyokuwa. Wengine wote wamekufa, amebaki mmoja. Ni huyo huyo Feri.