Sabuni Mnaniuzia, Bahati Hamniuzii

Mtaani walimwita Bi Kuponi, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi lililopakana na hoteli. Sabuni ya unga ilikuwa ikiisha pale kama maji, na kuponi zilizokuwa ndani ya pakiti zilikuwa halali yake. Mwenye duka alishamwachia zote, naye hata sabuni ya nyumbani alinunua hiyo hiyo. Kwa kuzikusanya na kuzibadilisha alikuwa amejipatia mwavuli, birika, na blanketi lenye nembo ya sabuni katikati, ambalo wifi yake alikataa lianikwe nje watu wakaliona.

Huyo wifi, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa akiishi naye. Walipendana kwa kutaniana, na siku ambayo mmoja hakumchokoza mwenzake, mwingine alimuuliza kama anaumwa.

Nguo nyingi alizopiga pasi Bi Kuponi zilikuwa za wasafiri. Mashati yalikuja yamekunjamana kutoka kusikojulikana, yakaondoka yamenyooka kwenda asikokujua yeye. Mifukoni alikuta vipande vya tiketi, na mara moja mchanga mweupe ambao aliukung'utia kiganjani akautazama kidogo kabla ya kuumwaga. Ndege alikuwa anaiona akiwa chini tu.

"Nataka wiki moja," alimwambia wifi yake. "Nivae nguo iliyopigwa pasi na mtu mwingine."

Sabuni ile ilitengenezwa nchi jirani. Msimu mmoja pakiti zilikuja na picha ya milima: ukishinda, wiki nzima hotelini huko juu, watu wawili, ndege kwenda na kurudi. Kila kuponi ilikuwa na namba ya kutuma kwa simu, na Bi Kuponi alituma kila aliyoipata.

Simu ilimkuta na pasi mkononi. Kijana mchangamfu alimwambia namba yake imetoka. Bi Kuponi akaiweka pasi pembeni, mbali na shati. Kijana akauliza jina, akauliza anaishi mji gani. Alipoutaja, uchangamfu wa kijana ukaisha.

"Samahani sana mama. Shindano hili ni la wakazi wa huku tu. Huko uliko hamruhusiwi."

"Lakini sabuni nimeinunua."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo sabuni mnaniuzia, bahati hamniuzii."

Kijana akaomba radhi tena, akakata.

Jioni wifi yake alimkuta amekaa jikoni, hajavua hata viatu. Alipohadithiwa, kwanza alisikitika, kisha tabia yake ikamrudia.

"Na sasa?"

"Sasa nitajua kwa nini."

"Ukijua, utaipanda hiyo kwa nini ikupeleke milimani?"

"Wifi, nimenyimwa safari. Sababu hawaninyimi."

Wakala wa sabuni hapa mjini alikuwa na ofisi nyuma ya stoo, mtu mnene mwenye adabu, mwepesi wa kusema njoo kesho. Bi Kuponi akaja kesho. Akaambiwa mhusika ametoka. Akakaa kwenye benchi, akatoa shati lenye vifungo vilivyokatika, akaanza kushona. Alirudi tena na tena, kila mara na kitu cha kushona, mpaka wapakuaji wa stoo wakawa wanamletea nguo zao. Wakala alianza kumwita mama mkwe, kwa jinsi alivyokuwa anamwogopa.

Hatimaye akasalimu amri. Alimpigia mwanasheria wa kampuni huko makao makuu, akaiweka simu mezani kwa sauti ya juu.

Sauti ilikuwa ya mwanamke, na haikuwa na haraka.

"Mama, shikamoo. Nimeambiwa unataka kujua kwa nini."

"Marahaba, mwanangu. Usinifiche, na usinirahisishie mno."

Mwanasheria akaeleza. Shindano la kuchagua mshindi kwa kuchomoa namba, alisema, serikali nyingi hulihesabu kuwa mchezo wa kubahatisha, hasa ikiwa lazima ununue kitu ndipo ushiriki. Mchezo huo hauchezeshwi bila kibali, na kibali cha nchi moja kinaishia mpakani. "Cha kwetu tunacho. Cha kwenu hatuna. Nikikupa wewe zawadi, nimechezesha kamari kwenye nchi ambayo haijaniruhusu. Tunaweza kutozwa faini, na shindano lote likafutwa."

Kisha kuna kodi. Kwao kampuni inajua zawadi inakatwaje na inapelekwa wapi. Kwa mshindi wa nje, huenda nchi mbili zote zikamdai, na mtu akajikuta analipia kodi safari aliyoambiwa ni ya bure. Bima waliyonunua iliwataja wakazi wa kule peke yao. Ndege ilikuwa inaondokea mji wao. Na mshindi akinyimwa viza, hawawezi kumpa fedha badala yake, kwa sababu kibali kimeandika safari.

"Na ukitokea ugomvi," akamalizia, "hatujui tutasimama mbele ya hakimu wa wapi."

Bi Kuponi alikuwa amekuja na hasira iliyoshiba, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Basi si kwamba hamtutaki."

"Si hivyo hata kidogo. Kuingia kwenye sheria za kila nchi ni kazi na gharama, kwa hiyo makampuni mengi huchora mstari mpakani, yakabaki salama."

"Hilo nimelielewa. Sasa mnisikilize na mimi. Mstari mmeuchora, mbona kuponi mmezivusha?"

"Pakiti ni zile zile, mama. Na nyuma imeandikwa."

"Kwa maandishi ya sisimizi. Mimi macho yangu ni ya kutafuta mikunjo, na sikuyaona."

Upande wa pili mwanasheria alicheka, kisha akasema, sasa kwa sauti ya kazi, kwamba hapo mama ana haki kabisa. Msimu uliofuata pakiti zilizokuja huku zilikuwa na stika usoni, maandishi manene: kuponi hii haishiriki hapa.

Wengine wangeishia hapo. Bi Kuponi alirudi kwa wakala.

"Mama mkwe, stika si umeziona?"

"Nimeziona. Sasa tuombe kibali cha huku."

Wakala alishika kichwa. Lakini mwanasheria aliliunga mkono wazo, na Bi Kuponi mwenyewe alikwenda ofisi ya serikali inayosimamia michezo ya bahati nasibu, akauliza nini kinahitajika, akarudi kumwambia. Kila mara wakala alipozembea, alimkuta mama kwenye benchi na sindano yake. Ilichukua muda mrefu, na mara mbili maombi yalirudishwa. Mara ya tatu yakapita.

Kwa furaha wakala alimwomba awe mmoja wa mashahidi siku ya droo. Bi Kuponi aliomba masharti, akayasoma mpaka mwisho.

"Imeandikwa wanaohusika na droo hawashiriki. Tafuta shahidi mwingine. Mimi nataka kucheza."

Droo ilifanyika uwanjani mbele ya stoo. Kabla haijaanza, dereva wa lori kutoka nchi ile ya jirani alikuwa anabishana mlangoni na bahasha imejaa kuponi. Siku nyingi alikuwa huku, ananunua sabuni huku, na sasa anaambiwa droo ni ya wakazi wa hapa tu. Bi Kuponi alimvuta kando, wakakaa kwenye benchi lake la zamani, akamweleza: kibali, kodi, bima, hakimu. Alimweleza polepole, kama alivyoelezwa yeye. Dereva hakufurahi, lakini aliacha kubishana.

Safari ya milimani ilimwangukia fundi baiskeli wa mtaa wa pili, ambaye alilia mbele ya watu bila aibu. Bi Kuponi hakupata kitu, hata mwavuli. Alipiga makofi, akarudi kazini, kwa sababu hoteli ilikuwa imeleta mashuka.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa dukani, akampitia wifi yake nyumbani.

"Vaa vizuri. Tunakwenda kupiga picha za pasipoti."

"Umeshinda?"

"Bado. Msimu ujao kuna droo nyingine, na masharti yanasema kila msafiri awe nayo yake mwenyewe, na safari ni ya watu wawili. Sitaki nishinde halafu nikuache hapa."

Wifi akaingia ndani kuchagua gauni.

"Lipige pasi basi," akasema kutoka chumbani.

"Lipige mwenyewe," akajibu Bi Kuponi. "Leo niko likizo."